Mutoto Mwenye Alikaa Kitako

Nasiba alifika Vulamba, mutaa wa Butembo, juu ya kamio yenye kubeba mifuko ya chumvi, akashuka mbele ya nyumba ya binti yake na vumbi mpaka kwenye kope, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. Alisema: "Safi, funga bintu, mizigo yako yote. Tunashuka Beni."

Safi alikuwa amekaa kwenye kibaraza, anachambua maharagi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na tumbo lilikuwa limepanda juu sana, karibu kugusa maziwa. Pembeni yake alikaa jirani yake Kavira, mwanamuke Mukatolika wa pale Butembo, mulimaji na muuzaji wa biazi, mama ya batoto wengi, mwenye ulimi wake haukosaka kazi.

Kwa batu ya Nasiba, Baislamu ya Beni benye kuishi na biashara na magari, desturi ilikuwa moja, na hakuna mwenye aliiuliza sababu: uzazi wa kwanza ni kwa mama. Binti anaacha nyumba ya bwana, anarudi kwa mama yake, anazala mule chumbani mwenye yeye mwenyewe alizaliwa, anamaliza arobaini yake pale, kisha anarudishwa na mutoto mugongoni na mafuta usoni. Mama mwenye binti yake anazala fasi ingine, batu banaulizana: balikosana nini?

"Mama Safi, karibu," Kavira akasema. "Kaa kwanza, kunywa maji. Binti haiko mufuko ya chumvi, ushushe fasi bei iko muzuri."

"Asante, Mama Kavira. Nyinyi batu ya mulima munazala na jembe mukononi, kisha munarudi kulima. Siye hapana. Siye tunalazwa, tunakandwa, tunapikiwa uji."

Kavira akacheka mpaka maharagi ikamuanguka. "Uji ni muzuri. Na miye ningekubali kupikiwa. Mais lakini huyu binti yako haiko na kazi ya uji. Safi, ambia mama yako maneno ya Mama Godelive."

Safi akaangalia chini. Akaeleza kwamba siku ya soko, yeye na Kavira walipanda Musienene, Kavira kuuza, yeye kutembea tu, na Kavira akamuingiza kwa nguvu kwenye maternite, nyumba ya kuzalisha ya bamasere, masista ya misioni. Muzalishaji wa pale, Mama Godelive, alimulaza, akapapasa tumbo lake pande zote, akaweka pembe ya muti, akatega sikio.

"Anasema mutoto amekaa kitako, Mama. Kichwa kiko hapa." Akakamata mukono ya mama yake, akauweka chini ya mbavu. Nasiba akasikia kitu cha muviringo, kigumu, kama kibuyu kidogo chini ya nguo. Kikateleza chini ya vidole vyake, kikarudi fasi yake. Akaondoa mukono mbio.

"Anasema pengine atageuka yeye mwenyewe, wakati bado iko. Kama hageuke, nikuje nilale kule mbele ya uchungu kuanza, kwenye nyumba ya bamama benye kungojea. Na anasema, kama ni matako ao miguu inatangulia kutoka, mutu asivute. Hata kidogo. Ukimuvuta, mutoto anatupa mikono juu, kidevu kinainuka, kichwa kinakwama."

"Miye nilibazala nyinyi bote bila mutu kuniwekea pembe ku tumbo," Nasiba akajibu. "Na mama yangu vilevile. Mutoto ni ya Mungu. Atageuka siku yake."

"Mungu huyo huyo ndiye alituma Mama Godelive," Kavira akasema, na safari hii hakucheka.

Bwana ya Safi, Aruna, alikuwa anashusha mifuko kutoka ile kamio yake. Alikuwa mutu wa kuendesha gari ndani ya matope ya mulima wa Kabasha bila kuogopa kitu, mais mbele ya mama mukwe alikuwa anarudisha gia. Safi alimuangalia. Yeye aliangalia tairi. Kisha akasema: "Donc basi, kama Mama amesema, ni Mama amesema."

Ndivyo Safi aliondoka Butembo. Kavira aliwasindikiza mpaka barabara, akamupa Nasiba kikapo ya biazi juu ya magoti, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Safi, desturi haina macho. Ni weye una macho."

Bamama benye munasoma, simameni hapa kidogo. Maternite ilikuwa karibu na ule binti. Kwa gari haikufika hata muda wa kupika maharagi. Muzalishaji alikuwa anajua tumbo lake kwa vidole. Na mama yake, kwa upendo, kwa upendo wa kweli, alimutoa pale penye musaada akamupeleka pale penye uji. Nasiba hakuwa mama mubaya. Nguo za mutoto alikuwa amezishona yeye mwenyewe, na kwenye kola aliweka uzi wa kijani. Mubaya angekuwa nafuu, sababu mama mubaya angemuacha binti fasi alikuwa.

*

Beni ilikuwa na joto, na mwanzoni mambo ilikuwa sawa. Safi alilala chumbani mwake ya zamani. Jioni bamama ya jirani balikuja kumutania kwamba kwa tumbo lile atazala duka nzima, sababu baba yake Maulidi alikuwa mufanya biashara. Safi alicheka. Mais kila asubuhi, mbele ya chai, Nasiba aliingia, akaweka mukono chini ya mbavu za binti, na kila asubuhi kibuyu kile kilikuwa pale pale.

Alijaribu yote yenye alijua. Alimulaza na mito chini ya kiuno. Alimupaka mafuta ya mawese, akasukuma pole pole, mpaka Safi alilia na yeye akaogopa. Maulidi akamuitia mwalimu, na mwalimu akaandika maneno ya Kurani kwenye sahani, wakaosha, Safi akakunywa yale maji. Mutoto hakugeuka. Alikaa kama mutu amekaa kwenye kiti yake, anangojea wageni.

Kisha Basimba, bale waasi, bakafika.

Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache mbele ya hapo, na batu balikuwa bamecheza barabarani, mais tangu hapo kila aliyefika na gari alisema yeye ndiye serkali. Sasa bakafika bijana na ngozi ya nyani kichwani, na majani shingoni, na bunduki, na mikuki. Balisema bamekunywa dawa, risasi kwao ni maji. Wazungu bakakimbia. Kwenye dispensere hakukubaki munganga. Muforomo mumoja, musaidizi wa munganga, mwenye alibaki walimuchukua kutunza baaskari yao benye majeraha. Kamio ya Aruna ikachukuliwa, na Aruna pamoja nayo, sababu hakuna kati yao mwenye alijua kuiendesha. Barabara ya Butembo ikafungwa kwa bariera.

Aruna alikuwa anapita nyumbani kwa Nasiba pale walimuruhusu kulala. Siku moja asubuhi Nasiba akamukuta anaosha uso nyuma ya nyumba.

"Mukwe yangu, mutoto hageuke."

Aruna akaacha maji yatiririke kwenye kidevu. "Najua, Mama. Safi aliniambia."

"Nilifikiri atageuka."

"Siye bote tulifikiri, Mama."

"Unaenda Butembo lini?"

Aruna akaangalia nyuma yake mbele ya kujibu. Kesho yake, akasema, alikuwa na muzigo wa chumvi na mchele wa kupeleka kwa Basimba ya kule. Angeweza kubaficha bote bawili kati ya mifuko. Mais kulikuwa na jambo moja. "Bale batu hapana gusa mwanamuke. Ni sheria ya dawa yabo. Na mwanamuke wa tumbo ndio kabisa. Hata kivuli chake banakimbia. Kama bakituona juu ya gari yabo, sijue."

"Basituone," Nasiba akasema. "Vile tu. Basituone."

Alitaka kitu kimoja tu sasa duniani: kumurudisha binti yake pale alimutoa.

*

Balitoka Beni jua likipanda. Safi alilala ubavu kati ya mifuko ya chumvi, mugongo kwa mama yake, na Nasiba alimuzunguka na mukono. Gari iliruka kwenye mashimo. Kila mara iliporuka, Safi aliuma ncha ya kikwembe chenye alijifunga. Hakulalamika. Tangu utoto alikuwa binti wa kunyamaza, na Nasiba, ambaye siku zote alijisifu juu ya hiyo tabia, ile asubuhi alitamani angelia.

"Nikifika," Safi akasema mara moja, "Kavira atanicheka. Atasema nimekuja na chumvi kweli."

"Acha akuje acheke," Nasiba akasema. "Nitamusaidia kucheka."

Chini ya mulima wa Kabasha kulikuwa bariera: muti mumoja juu ya mapipa mawili. Mukubwa wa bariera alikuwa kijana wa ndevu changa, shanga shingoni. Aliamuru turubai ifunuliwe. Nasiba akasikia turubai ikivutwa, akaona mwangaza, kisha uso wa ule kijana, na ule uso ulipoona tumbo la Safi ulirudi nyuma kama umeguswa na moto.

"Mwanamuke," akasema. "Mwanamuke mwenye tumbo. Juu ya gari ya mapigano." Bengine benye bunduki bakarudi nyuma pamoja naye, mumoja akajikwaa, akainuka, akaendelea kurudi nyuma.

"Ni bibi yangu," Aruna akasema. "Anaenda kuzala."

"Sikatae azale. Mais hapa hapana. Dawa yetu itakufa. Tutakufa bote juu ya tumbo moja." Akaonyesha mashamba na kidole. "Bashuke. Bapite kule juu, njia ya mashamba, mbali na sisi. Gari ipite barabara. Utabachukua kule juu kwenye kilele."

"Mulima huu? Kwa miguu? Angalia hali yake."

"Siwezi kuangalia," kijana akasema, na kweli alikuwa amegeuza uso.

Baadaye, kwa miaka yote, Nasiba alikuwa anarudi kwenye hiyo fasi ndani ya kichwa chake. Watu na bunduki, na wote walikuwa wanaogopa. Kama angemushika Safi mukono akatembea mbele moja kwa moja, katikati ya barabara, wote wangetawanyika kama kuku. Angefungua ile bariera kwa tumbo la binti yake. Mais pale, siku ile, yeye aliona bunduki tu. Akamushusha Safi, wakashika njia ya mashamba, na kamio ikapita, ikaanza kulia ikipanda kona za mulima.

*

Njia ilipanda kati ya mashamba ya ndizi na maharagi. Safi alitembea hatua, akasimama, akatembea hatua. Kwa mara ya kwanza Nasiba aliona binti yake anashika kiuno kwa namna ile yenye kila mama anajua. Akajifanya hajaona. Safi naye akajifanya hana kitu. Hivyo walipanda, kila mumoja akimudanganya mwenzake, mpaka maji yakapasuka.

Hayakuwa maji meupe. Yalikuwa na rangi ya sombe, majani ya muhogo, yenye imepondwa. Safi aliangalia chini, akasema: "Mama, kuna kitu kinatoka." Nasiba akapiga magoti katikati ya njia, akainua kikwembe, akaona muguu. Muguu mudogo, wa bluu kidogo, vidole vyote vikihesabika, unachezacheza hewani kama mutu anatafuta fasi ya kukanyaga.

Kwenye upande wa mulima kulikuwa nyumba moja ya majani. Mwanamuke mumoja mwenye kulima alikuwa anafunga mbuzi kwenye muti. Aliwaona, akaacha kamba, akakuja mbio. Jina lake lilikuwa Kasika. Aliwaingiza ndani, akatandika mukeka, akaweka maji motoni, akatuma bwana yake Mathe kwenye kilele kumutafuta Aruna. Yote hayo alifanya bila kuuliza walikuwa akina nani wala wanasali wapi.

Muguu wa pili ukashuka. Kisha matako. Ilikuwa mutoto mwanaume, munene. Akashuka mpaka kitovu, na kamba ya kitovu ilikuwa inapiga, Nasiba aliiona kwa macho. Akakunja kikwembe, akamushika mutoto kwa kiuno ili asipate baridi. Mikono yake ilianza kukaza yenyewe.

"Mama, hapana vuta," Safi akasema, akiinua kichwa kwenye mukeka. "Mama Godelive alisema."

"Sivute, mutoto yangu. Sivute. Weye sukuma."

Mais Safi alikuwa ameacha nguvu zake kule njiani. Uchungu ulikuja mudogo, ukapita. Wakangojea. Mwingine haukuja.

Kasika aliinama karibu. "Mama, na mbuzi ni hivi hivi. Yenye inaleta miguu ya nyuma, ukichelewa, inakufa mule ndani. Tunavuta. Ninavutaka mingi, inaishi."

"Mutu haiko mbuzi," Nasiba akasema.

"Najua. Mais angalia hii kamba."

Nasiba akaangalia. Ile kamba ilikuwa inapiga pole, ikasimama, ikapiga tena. Muguu wenye ulikuwa unacheza ukalegea. Akausugua. Haukujibu. Akainua macho kwa Kasika, na Kasika alikuwa anasali kwa midomo bila sauti, na hakuna mutu mwingine ndani ya ile nyumba wala kwenye ule mulima mwenye alijua kitu kimoja zaidi yao. Akisubiri, anamuona anakufa. Akivuta, ameambiwa asivute.

Akavuta.

Mwili ukakuja. Mabega yakafika, yakagoma, sababu mikono ilikuwa imepanda juu, kandokando ya masikio, kama alivyosema ule muzalishaji. Nasiba akaingiza vidole kutafuta mukono, akapata mumoja, akaushusha, na akasikia kitu kidogo kinavunjika. Kichwa kikabaki. Safi alipiga kelele moja, ya kwanza na ya mwisho tangu asubuhi. Kasika akasukuma tumbo kutoka juu, Nasiba akashika kutoka chini, na baada ya muda wenye hakuna mwenye anaweza kuusema, kichwa kikatoka.

Alikuwa mutoto kamili. Nywele nyingi. Kucha zilikuwa zimeshaota. Kasika akamupulizia mudomoni, akamumwagia maji ya baridi, akamusugua na kikwembe mpaka ngozi ikawa nyekundu chini ya mikono yake, na alipoondoa mikono, ule wekundu ukaondoka nayo.

"Mama," Kasika akauliza polepole, "nimuweke maji ya ubatizo?"

"Hapana, mama. Ni mutoto wa Kiislamu." Nasiba akavuta pumzi. "Mais asante. Asante sana."

Safi alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta wa udongo. Aliposema, alisema tu: "Miye niko nasikia baridi." Hapo ndipo Nasiba aliona mukeka. Damu ilikuwa imeshapita mukeka, inatafuta njia ya mulango.

*

Aruna alifika mbio kutoka kilele, akaona kile chenye kilikuwa ndani ya kikwembe, akaona mukeka, na hakusimama. Yeye na Mathe wakamufunga Safi juu ya kipoyi, machela ya miti miwili, wakamupandisha mpaka kwenye kamio. Wakati wa kuzika haukuwepo. Kasika alibaki na mutoto, na Nasiba alimuonyesha kwa mukono, akiwa tayari mulangoni, upande gani wa kuelekeza uso wake. Kasika akamuzika penye ndizi zake, sawa vile aliambiwa, na mpaka leo hakuna aliyelima ile fasi.

Kule Musienene Mama Godelive alimutambua Safi mbele ya kuuliza jina. Sehemu ya kondo ilikuwa imebaki ndani, na chini kulikuwa kumepasuka vibaya. Alifanya kazi yake na masere mumoja wa Kikongo mwenye hakukimbia. Nasiba alikaa inje, chini ya dirisha, mikono juu ya magoti, na hakutaka kunawa.

Jua likiwa linazama Godelive akatoka. Alikuwa mwanamuke mufupi, wa sauti ya kawaida. Akakaa pembeni yake.

"Atapona. Itachukua muda. Alikosa damu mingi."

Nasiba akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema: "Miye nilimuvuta. Ulisema tusivute. Safi mwenyewe aliniambia, na nilimuvuta."

Godelive angeweza kusema neno la kufariji, na Nasiba angejua ni uongo. "Mama," akasema, "miguu ilitangulia, njia ilikuwa haijafunguka yote kwa kichwa, uchungu ulikwisha. Pengine ungengojea, angekufa vilevile. Kuna namna ya kushusha mikono ya mutoto, na namna ya kutoa kichwa, mwili ukilala juu ya mukono yako. Ilinichukua miaka kuijua, na hata miye, batoto bamoja wananikatalia, wanakufa. Kule kwenye mulima hakukuwa kitu kimoja chenye ungefanya kikawa kizuri."

"Donc kosa langu haiko kuvuta."

"Hapana," Godelive akasema. "Haiko kuvuta."

Nasiba alielewa. Lile lenye lilibaki bila kusemwa alilibeba kutoka ile siku kama mutu anabeba muzigo mugongoni kwa kamba yenye kuzunguka kipaji cha uso: mikono ni mitupu, mwenye kukuona kwa mbali anafikiri unatembea bure, kumbe shingo inajua.

*

Vita ikapita. Baaskari bengine bakafika, Basimba wakarudi misituni ao kwenye makaburi, barabara ikafunguka. Ule kijana wa bariera, wanasema, alipigwa risasi pale pale chini ya Kabasha, na dawa yake haikuwa imeguswa na mwanamuke yeyote.

Safi alibaki Vulamba. Alituma salamu Beni kila gari lilipopita, na samaki wakati wa samaki, na hakuna siku hata moja alimwambia mama yake neno baya. Nasiba alilingoja. Kila alipopanda kumutembelea alikaa kwenye kile kibaraza akifikiri: leo atasema. Atasema, Mama, ulinitoa hapa. Na Safi alimuletea chai, alimuuliza magoti yanaendelea namna gani, alimusindikiza mpaka gari. Hakushuka Beni tena. Mara kulikuwa mvua, mara Aruna alikuwa safarini.

Siku moja ya soko, miaka ikiwa imepita na Nasiba akiwa hajapanda Butembo tangu miezi mingi, Kavira akaingia ndani ya uwanja wa Nasiba kule Beni, kikapo ya maharagi mugongoni, jasho likimutiririka. Alishusha, akakaa bila kuitwa.

"Mama Safi, leo miye ndio chumvi. Nimeshushwa hapa na joto yenu."

"Karibu, Mama Kavira. Kunywa maji. Safi na Aruna beko muzuri kule?"

"Beko muzuri." Kavira akakunywa maji yote. Kisha akageuza kikombe, akakiangalia chini yake, kitu chenye hakuwa na desturi ya kufanya. "Uko na mujukulu. Mwanamuke. Anapata sasa mwezi."

Nasiba alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka hakukubaki makapi.

"Sikujua kama ana mimba," akasema.

"Alituomba tusiseme."

Kavira akaeleza yote. Mutoto huyu naye alikaa kitako. Kuna matumbo ya namna hiyo. Mais Safi alipanda Musienene mapema, akalala kwenye nyumba ya bamama benye kungojea, akapika sombe na wengine, akangojea. Matako yalitangulia. Godelive alikaa mikono juu ya magoti yake mwenyewe, akaacha mutoto ashuke na uchungu wa mama yake, na pale tu mikono ilipokwama akaingia, akaishusha mumoja mumoja, akatoa kichwa. Mutoto alitoka amechoka, bluu, akalia baada ya kusuguliwa na kupuliziwa. Mukono wa kushoto bado hauinuke sawa. Wanaukanda.

Kesho yake asubuhi Nasiba alipanda gari. Kwenye magoti alishika nguo zenye uzi wa kijani kwenye kola, zenye zilikaa sandukuni tangu ile wakati. Gari ilipofika pale nyumba ya majani ya Kasika inaonekana upande wa mulima, alifunga macho, akasoma Fatiha, akayafungua kwenye kilele.

Safi alikuwa kibarazani. Alipomuona mama yake ameshuka, alisimama, na mukono wake ukamukaza mutoto kifuani. Ilikuwa kidogo tu. Mutu mwingine hangeona. Nasiba aliona, na alisimama pale pale alipokuwa, hakupanda kwenye kibaraza.

"Shikamoo, Mama. Karibu."

"Marahaba. Niko hapa sawa."

Inzi ilikaa kwenye uso wa mutoto, Safi akaifukuza.

"Sikukuita, Mama," Safi akasema. "Haikuwa kwa hasira. Niliogopa utakuja kunichukua."

Miaka yote Nasiba alikuwa amengojea lile neno, na alikuwa amejitayarishia majibu mengi: juu ya desturi, juu ya mama yake, juu ya Basimba, juu ya Mungu.

"Ulifanya muzuri," akasema.

Kisha akamunyooshea zile nguo, kwa mbali, mikono yote miwili, na akangojea kama Safi atashuka kuzichukua.